Ziara ya kundi Ulaya kwa mzazi mstaafu

Dada yangu wa Isamilo, Mwanza, umeuliza kama mama yako mstaafu ataimudu ziara ya kundi itakayopita Paris na Roma kwa siku nane. Ataimudu, ila ratiba za namna hiyo humwamsha mtu alfajiri na kumrudisha hotelini usiku, hivyo aanze sasa kupanda na kushuka kilima chenu kila asubuhi, akiwa amevaa viatu vilevile atakavyosafiri navyo. Makumbusho ya Louvre, jijini Paris, hufungwa Jumanne. Ikague ratiba kabla ya kulipa. Vatikani, katika Kanisa la Mtakatifu Petro, mabega na magoti hufunikwa, kwa hiyo khanga mkobani itamfaa (na baridi ya ndegeni pia). Bima ya safari ya kuombea viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, zikiwemo Ufaransa na Italia) iwe na kinga ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Siku akichoka, amwambie kiongozi mapema kwamba anabaki hotelini.