Ramani ya Tiled ikifika Godot na mapengo

SWALI: Shikamoo dada. Natengeneza gemu ya kuvusha abiria kwa mitumbwi Ziwa Victoria. Nimechora ramani kumi na moja kwa Tiled, programu ya kupanga ramani kwa vigae (vipande vidogo vya picha), vyangu ni vya pikseli 32, na nimeandika skripti yangu mwenyewe ya kuziingiza Godot, programu ya kutengenezea gemu. Vigae vingi vinakuja sawasawa, ila vingine havionekani kabisa. Masanduku ya mizigo nayo yamesogea kidogo kushoto na chini. Nikiipeleka gemu kwenye simu, haitokei ramani hata moja. Je, nichore upya zote ndani ya Godot? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usichore upya hata moja. Ramani zako ni nzima, skripti ndiyo inayozisoma vibaya.

Fungua ramani moja kwa programu yoyote ya maandishi, utafute neno "data". Utaona msururu wa namba: 0, 0, 5, 5, 12. Sifuri ni mahali patupu. Endelea kushuka polepole, na karibu na lile pengo utakutana na namba ndefu kama 2147483653. Hiyo ni kigae namba 5 kilekile, ila ulipokichora ulibonyeza X kikageukia upande wa pili. Tiled huiandika habari ya kugeuza kwenye biti za juu za namba yenyewe (biti ni zile 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba): 2147483648 ni kugeuza kulia na kushoto, 1073741824 ni juu na chini, 536870912 ni kwa mshazari. Kigae ulichokizungusha mara moja kwa Z hubeba mbili kati ya hizo. Skripti yako inatafuta kigae cha bilioni mbili na ushee, haikipati, inapaacha patupu.

Mimi hili lilinila siku tatu. Nilikuwa na ramani ya soko la samaki, ngalawa zimepangwa ufukweni. Zilizotazama kulia zote zilionekana, zilizotazama kushoto hakuna hata moja. Nilibadilisha picha, nikafuta seti ya vigae, nikaipanga upya, wapi! Siku ya tatu usiku ndipo nilipofungua faili na kuhesabu namba kwa kidole kwenye kioo, safu kwa safu, mpaka nikafika pale ngalawa ya kwanza ilipopotelea.

Fanya hivi, na usivuruge mpangilio. Kwanza geuza namba iwe kamili kwa int(), kwa sababu Godot husoma namba za JSON, yaani muundo wa maandishi wa faili hizi, kama desimali. Kagua biti hizo tatu, kumbuka zipi zimewashwa, kisha ziondoe. Ndipo utoe firstgid, yaani namba inayoanzia seti ya kigae hicho: seti ya kwanza huanza na 1, na kama ina vigae 64, ya pili huanza na 65. Ukitanguliza kutoa firstgid utapata kigae cha seti nyingine kabisa. Mwisho, unapoita set_cell, amri ya Godot ya kuweka kigae, ipe alama za kugeuza kama TRANSFORM_FLIP_H.

Masanduku ni jambo dogo. Kitu ulichokiweka kama kigae kwenye tabaka la vitu, kwa ramani ya mraba kama yako, Tiled hukipima kutoka kona ya chini kushoto. Sprite2D, yaani picha ndani ya Godot, hupimwa kutoka katikati. Ongeza 16 kwenye x, punguza 16 kwenye y. Ila mistatili ya kawaida, kama ile ya kuonyesha gati, hupimwa kutoka kona ya juu kushoto, kwa hiyo usiipitishe kwenye hesabu hiyohiyo.

Kuhusu simu: kama ramani umezihifadhi kwa kiambishi .tmj, Godot haizitambui kama mali yake na haizifungi ndani ya APK, lile faili la gemu linalowekwa kwenye simu. Nenda kwenye mipangilio ya Export, sehemu ya Resources, na kwenye kisanduku cha mafaili yasiyo rasilimali andika *.tmj. Hakikisha pia kila njia ya faili inaanza na res:// na siyo C:/, na uyatazame majina. Windows haijali Gati.tmj na gati.tmj, lakini ndani ya APK hayo ni mafaili mawili tofauti. Yaandike yote kwa herufi ndogo kabla hujatoa APK nyingine.