Shangazi wa Sanaa: Kadi ya Wageni Isiuzwe

*Shikamoo Shangazi. Sisi ni wachoraji, wachongaji na mafundi wa batiki hapa Bagamoyo, karakana 12 kwa jumla, nyingine ziko uani kwa watu. Tunataka Jumamosi na Jumapili moja tufungue milango, wageni watembee karakana hadi karakana wakiwa na kadi ya kugongewa mihuri, na jioni ya mwisho tuchezeshe droo. Tulipanga kadi iuzwe shilingi 2,000 ili tupate fedha ya zawadi. Wazee wa mtaa wamekataa, wanasema hiyo ni kamari. Vijana nao wanasema wazee wanatukwamisha. Mimi ndiye katibu na pande zote mbili zinanitazama. Tufanyeje?*
Katibu, Bagamoyo

Marahaba mwanangu. Wazee wenu wasikilizeni, wameona jambo ambalo vijana hawajaliona. Watu mia wakitoa 2,000 kila mmoja, mmoja akaondoka na zawadi na 99 wakaondoka mikono mitupu, mtawaelezaje wazee kwamba hiyo si kamari? Mimi si sheikh na sitoi fatwa. Ila nakushauri urudi kwao, na kwa imamu wenu, ukiwa na mpango mwingine: kadi ni ya bure, zawadi imeshanunuliwa kwa fedha ya kamati au ya mfadhili, na hakuna mgeni atakayepoteza hata senti. Waeleze hivyo hivyo, bila kuficha kitu, kisha wawape jibu. Wakikataa bado, fanyeni njia yenu ya sanaa bila droo, maana sherehe inayokataliwa na wenye mtaa haitafika mwaka wa pili.

Kuna upande wa serikali pia. Tanzania Bara ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Umeshawaona kwenye droo za makampuni ya simu na vinywaji: mwakilishi wa Bodi husimama pale mshindi anapopatikana. Msidhani kwamba kwa kuwa kadi yenu ni ya bure na mtaa wenu ni mdogo, basi hamwahusu. Andikeni barua, elezeni zawadi, tarehe na namna ya kuchagua mshindi, muulize mnatakiwa kufanya nini. Fanyeni hivyo kabla ya kuchapa kadi hata moja. Mnapoenda halmashauri kuomba ruhusa ya mkusanyiko, beba nakala ya barua hiyo.

Sasa tuje kwenye kadi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri. Jiulizeni droo ni ya nini. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam anayekuja Bagamoyo kutwa moja njia yake naijua: Ngome Kongwe, Kaole, Misheni, samaki wa kukaanga, gari. Akipita Mtaa wa India atatazama milango ya nakshi, atapiga picha, ataendelea. Fundi mwenye kibanda barabarani atamwuzia kitu. Yule mama anayetia nta na rangi kwenye vitambaa nyuma ya nyumba, hatua mia tano kutoka lami, hatamwona kamwe. Droo yenu ipo kwa ajili ya mama huyo. Kama kadi inajazwa kwenye vibanda vya barabarani peke yake, zawadi mmeitupa.

Kwa hiyo gawanyeni karakana zenu 12 katika makundi mawili, za karibu na za mbali. Mgeni aingie kwenye droo akiwa na mihuri sita, na angalau miwili itoke mbali. Msidai yote 12. Mtu mwenye watoto na jua la saa saba hawezi, na akiona hawezi ataiacha kadi mfukoni tangu mwanzo. Muhuri ugongwe mgeni akishaingia na kutazama, anunue asinunue. Fundi atakayesema "nunua kwanza ndipo nigonge" atakuwa ameirudisha ile 2,000 kwa mlango wa nyuma, na wazee watakuwa na haki ya kuja juu.

Mihuri msiichongeshe mjini. Chukueni kandambili kuukuu, kateni soli kwa wembe au kisu kikali, kila fundi achonge alama yake: mmoja samaki, mmoja ngoma, mmoja ua la mkarafuu. Anayetaka herufi akumbuke kuzichonga kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Kitambaa kilicholowa wino ndani ya kifuniko cha ndoo kinatosha kuwa pedi. Hapo kadi yenyewe inakuwa na chapa sita za mikono sita, na mgeni hatataka kuitoa. Ndiyo maana ichapwe kwa sehemu mbili: kipande cha chini kinakatwa na kutiwa kwenye ndoo ya droo, cha juu chenye mihuri anaondoka nacho kwao.

Na mtakapokuwa mmefungua milango, msikae kama wauza duka. Mimi nimefanya batiki Dar es Salaam maisha yangu yote ya kazi, na nimeona mara nyingi jinsi mgeni anavyobadilika akiona nta ya moto ikishuka kwenye kitambaa. Bei aliyokuwa akibishania anaacha kubishania. Mchongaji naye amwonyeshe gogo la mpingo lililokatwa, ule mti mweupe wa pembeni na moyo wake mweusi katikati. Amwachie alishike asikie uzito, amwonyeshe tezo na patasi, kisha msasa. Kuna vinyago vya mti mwepesi vinavyopakwa kiwi ya viatu na kuuzwa kama mpingo, na mgeni aliyewahi kushika mpingo wenyewe hadanganywi tena kwa urahisi. Hilo ni faida kwenu nyote mnaochonga kwa uaminifu.

Zawadi: naomba msinunue televisheni. Atakayeshinda televisheni ataikumbuka televisheni. Toeni vocha, tuseme ya shilingi 300,000, itumike kwenye karakana zozote ambazo mihuri yake iko kwenye kadi ya mshindi. Fedha inarudi kwa mafundi, mshindi anachagua anachokipenda, naye analazimika kurudi Bagamoyo na pengine analeta watu. Fedha ya kuanzia changeni wenyewe kidogo kidogo, na waombeni wenye hoteli na migahawa; wao ndio watakaowalisha wageni wote hao siku mbili, wana sababu ya kuchangia.

Droo ifanyike hadharani, Jumapili saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Ndoo iwe ya plastiki inayoonesha ndani. Kadi zihesabiwe mbele ya watu na idadi itajwe. Achote mtoto aliyefungwa macho, na asiwe mtoto wa mwanakamati. Kama mshindi ameshaondoka, kadi iwe imeeleza tangu mwanzo kwamba atapigiwa simu, na kwamba asipopatikana kwa siku saba nafasi inakwenda kwa wa pili aliyechotwa siku ile ile. Wanakamati, mafundi na watu wa nyumba zao wasiingie kwenye droo kabisa.

Kuhusu wakati: masika yatawalowesha, Machi hadi Mei msijaribu. Ramadhani hapana. Juni hadi Septemba ni kukavu na kuna upepo wa kusi. Msigongane na siku za tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, maana siku hizo mafundi wako kule na wageni wako kule. Lakini chuo kiko hapo mjini tangu 1981, waombeni wanafunzi wawapigie ngoma kwenye karakana za mbali. Watu hufuata ngoma.

Waambie na vijana wako kwamba jambo hili si geni duniani. Mwaka 1982 mchoraji Ned Hoskins wa Brighton, Uingereza, alifungua nyumba yake watu waingie kutazama michoro. Majirani wasanii wakafuata, na hadi leo mji ule una msimu wake wa nyumba za wasanii zilizo wazi. Alianza na nyumba moja. Nyinyi mnazo 12.

*Shangazi, shikamoo. Ninachora Tingatinga, niko Msasani. Kamati ya maonyesho ya mtaa imeniomba nitoe mchoro mkubwa bure uwe zawadi ya droo, wanasema nitajulikana. Tena wanataka picha yake iwe kwenye mabango na fulana. Nikikataa nitaonekana nina roho mbaya. Nisaidie.*
Mchoraji, Msasani

Marahaba baba. Kataa kutoa bure, na usione haya. Kamati hiyo imelipia mahema? Imelipia spika na mchapaji wa mabango? Basi na mchoro ilipie. Unaweza kuwapunguzia bei kama mtaa ni wako na unaupenda, hilo ni hiari yako, lakini mchoro ununuliwe na risiti iandikwe.

Sema nao kwa upole ukiwakumbusha mahali mlipo. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora mwaka 1968, akitumia vipande vya siling-bodi na rangi za kung'aa kama zile za baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, hapo hapo Oysterbay. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Waliobaki waliendelea kuchora, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Sanaa hiyo imelisha familia nyingi kwa sababu mchoro ulikuwa na bei tangu siku ya kwanza, hata bei ilipokuwa ndogo mno.

La mabango na fulana ni jambo la pili, usilichanganye na la kwanza. Mtu akinunua mchoro wako amenunua ule ubao wenye rangi. Haki ya kuunakili bado ni yako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayohusika ni COSOTA. Ukikubali, andikeni: mabango mangapi, fulana ngapi, kwa muda gani, malipo kiasi gani, na jina lako liandikwe kando ya picha. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha. Mkikubaliana kwa mdomo, mwaka kesho utaukuta mchoro wako kwenye vikombe.

*Mpendwa Shangazi, mwaka jana nilitembelea maonyesho yenye droo, nikajaza jina na simu. Mshindi sikumsikia mpaka leo. Nilichopata ni ujumbe wa matangazo ya mikopo na viwanja kila wiki. Je, hii ni haki?*
Msomaji, Tabata

Si haki, mama, na imenikera kwa niaba yako. Tangu Mei 2023 ipo sheria inayofanya kazi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko. Namba uliyoiandika kwa ajili ya droo ilikuwa ya droo. Waandikie waandaaji kwanza, waulize mambo mawili: mshindi alikuwa nani, na namba yako walimpa nani. Hifadhi ujumbe wote uliotumiwa, usiufute kwa hasira. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwenye Tume.

Katibu wa Bagamoyo, jibu hili ni lako pia. Kwenye kipande cha chini ombeni jina la kwanza na namba ya simu, basi. Jina la mshindi na picha yake vitangazwe kwa ruhusa yake. Mshindi akishachukua vocha, vipande vyote vichomwe mbele ya wanakamati wawili.

*Shikamoo Shangazi. Ninafundisha shule ya msingi. Wanafunzi wangu wanaweza kuingia kwenye droo ya namna hii?*
Mwalimu, Kibaha

Marahaba mwalimu. Kutembea na kugongewa mihuri, waende wote. Kwenye ndoo ya droo namba za simu za watoto zisitiwe. Mzazi aliyekuja na mwanawe ajaze kwa jina lake mwenyewe. Kwa darasa zima, waombeni waandaaji watenge zawadi ya shule nje ya droo: rangi, brashi, na siku moja ya fundi kuja darasani kuwafundisha kuchonga mihuri ya kandambili. Wembe ashike fundi.