Kabla hujalipia hiyo raifo nyepesi

Jumamosi iliyopita nilikaa uwanja wa shabaha tangu saa mbili asubuhi mpaka jua likawa halikaliki, nikiwatazama vijana watatu wenye bunduki mpya. Wote watatu wamenunua kitu kilekile: bunduki ya bolti (komeo unalolivuta kwa mkono kila risasi), kitako cha plastiki, uzito chini ya kilo 3, kaliba, yaani aina ya risasi, .300 Winchester Magnum, yenye baruti nyingi. Kila mmoja alipiga risasi nne au tano, akajisugua bega, akaitazama karatasi akasema inatosha, akafunga begi. Niliwapenda kwa kiu yao. Najua kibali kilivyowazungusha, kuanzia serikali ya mtaa hadi wilayani hadi mkoani. Lakini nilirudi Tabata moyo hauna raha, kwa kuwa kosa lile nalijua kwa jina na kwa sura. Msimu wa kuwinda unakaribia, wadogo zangu, nisikilizeni sasa.

1. Wepesi una gharama yake, na anayelipa ni bega.

Bunduki nyepesi ni neema. Ukishatembea kilomita 15 nyuma ya mfuata nyayo, kwenye mchanga na joto la Rufiji, kila gramu unaijua. Tatizo ni kwamba risasi haijui kama umechoka. Chukua risasi ileile, itoe kwenye bunduki ya kilo 4 uitie kwenye ya kilo 3: nguvu ya teke, yaani bunduki inavyokurudi begani, inaongezeka kwa theluthi moja. Ndiyo hesabu ilivyo, haipunguzwi na ukubwa wa kifua chako. Kwa hiyo ukitaka bunduki nyepesi, chagua risasi ya wastani. .308 Winchester ipo tangu 1952, na 7mm-08 iliyozaliwa kutokana nayo ina teke pungufu kidogo. .30-06, ya tangu 1906, bado inaangusha swala pala, tohe na kongoni bila ubishi, ila mimi ningeitaka kwenye bunduki inayofika kilo 3.5 pamoja na darubini.

Najua magnum mmeitoa wapi. Mmeangalia video za Marekani, mtu anampiga kulungu ng'ambo ya bonde, mita 400. Kwanza, huyo si kulungu wetu wa porini; Afrika wa ukoo ule hayupo kwa asili, isipokuwa huko kaskazini kabisa. Anayewindwa zaidi kwao ni yule wa mkia mweupe, ambaye kwa mwili ni kati ya swala pala na kongoni, na hata huyo wanamwangusha kila mwaka kwa .308 na kwa .243. Pili, miombo yetu haina mita 400. Ukipata mwanya wa mita 120 kati ya miti, shukuru Mungu. Magnum inakupa faida mahali ambapo jicho lako halifiki.

2. Kushtuka.

Hapa nitakaa, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Ilikuwa Agosti. Nilikuwa na .300 nyepesi, kilo 2.9 bila darubini, niliyoinunua kwa akiba ya miaka miwili. Siku ya kuipima, risasi ya tatu darubini ilinichana juu ya nyusi, damu ikashuka mpaka mdomoni. Nikapiga nyingine tatu nikiwa nimekunja uso. Matundu yakaenea upana wa sahani ya wali, nikajiambia kongoni ni mkubwa kuliko sahani. Sikurudi tena uwanjani. Kila aliyeniuliza nilimjibu risasi ni ghali. Zilikuwa ghali kweli, lakini ukweli wenyewe ni kwamba niliiogopa ile bunduki, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya pili porini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzee aliyekuwa akitufuatishia nyayo akasimika mafimbo ya kuegemezea bunduki, akaniita kwa kidole. Dume la kongoni, ubavu wote wazi, kama mita 90. Mtoto aliyefundishwa vizuri angempata. Nikaweka bunduki, nikalenga nyuma ya bega, na kabla triga haijaachia nikasikia mwili wangu wote unajikaza, ukisubiri teke. Mtutu ukaenda kulia. Nikasikia risasi inagonga, mlio mzito na laini, mlio wa tumbo. Ukishausikia hauondoki masikioni.

"Umefumba macho, mwanangu," mzee alisema. Hakuwa ananiuliza.

Damu tuliyoikuta ilikuwa nyeusi, ina majani yaliyotafunwa. Mzee akaniambia tukae chini, tumwache mnyama alale, akishalala atakakamaa na hatatoka. Saa mbili, tatu, ndipo tumfuate taratibu. Nami kwa aibu sikutaka kukaa. Nikasisitiza twende, nikidhani kukimbilia kosa ndiyo kulirekebisha. Tukamkurupusha mara ya kwanza, akatoka kwenye kichaka mbele yetu nisipate hata nafasi ya kukoki. Tukamkurupusha mara ya pili mchana. Baada ya hapo damu ikakoma, zikabaki nyayo tu, na nyayo zikaingia kwenye nyayo za kundi. Jua likazama. Kuwinda usiku ni marufuku kisheria, na hata isingekuwa hivyo tusingeona kitu. Tukarudi kambini.

Usiku ule niliwasikia fisi. Walikuwa upande uleule tuliomwacha, na nililala macho nikihesabu sauti zao.

Asubuhi tumbusi ndio waliotuonyesha. Tulikuta fuvu, pembe, vipande vya ngozi na majani yaliyolowa damu. Askari wa wanyamapori aliyekuwa nasi akafungua leseni yangu akaandika: kongoni mmoja. Alikuwa na haki. Mnyama wa zaidi ya kilo 150 alikufa kwa maumivu usiku kucha, na hakuna sufuria hata moja iliyopikwa nyama yake. Mzee akaniokotea zile pembe, akanipa kwa mikono miwili, akasema "pole" kama mtu aliyefiwa. Ninazo mpaka leo, zimewekwa mahali ninapoziona ninapofungua kabati la silaha.

Ile .300 niliiuza kwa utaratibu wote wa polisi, nikanunua .308 iliyotumika, ya kitako cha mbao, ambayo hakuna aliyenisifia. Nimeipiga risasi nyingi hadi bolti yake inateleza kama droo. Sijapoteza mnyama tena.

3. Bei.

Hapa dunia imewafungulia milango kuliko sisi. Ruger American ilipotoka mwaka 2012 ilithibitisha kwamba bunduki ya bei ndogo, yenye uzito wa kilo 2.8 hivi, inaweza kuweka risasi tatu ndani ya sentimita 3 kwa mita 100. Savage Axis nayo ni ya kundi hilo, ingawa kitako chake kinalegea: ukiegemeza sehemu ya mbele kwenye begi gumu, plastiki inapinda inagusa mtutu, na risasi zinahama. Howa 1500 ya Japani ni nzito kidogo ila ndiyo ningemchagulia mdogo wangu wa tumbo moja, maana uzito ule unamlinda anapojifunza. Tikka T3x ya Finland ina bolti tamu kuliko zote hizi, ukiwa na uwezo. Kama huna, usikope. Tofauti ya bei iweke kwenye risasi za mazoezi.

4. Kabla hujaandika kaliba kwenye fomu, pita madukani Dar uulize ni risasi zipi zinapatikana mwaka mzima.

5. Bahari. Kijana mmoja wa Kigamboni alinunua bunduki nzuri ya chuma cheusi na kitako cha mbao, akaining'iniza chumbani kwenye begi la sponji, akaja kuniita baada ya masika. Mtutu ulikuwa na madoa mekundu kama upele, na mbao ilikuwa imevimba mpaka karatasi haipiti kati yake na mtutu. Alilia, nami nilikaribia. Mji wetu una chumvi hewani. Chuma kisichoshika kutu na kitako cha plastiki si urembo kwa mkazi wa Dar. Begi la sponji ni la safarini tu; nyumbani bunduki ikae kabatini, kavu, imefungwa, imepakwa mafuta kidogo kila juma.

6. Kaza skrubu za darubini kabla ya safari, na ukifika kambini piga risasi moja ya kuhakiki pale unaporuhusiwa, maana barabara inalegeza kila kitu.

7. Magazini (kasha la risasi) ya ziada, nunua siku ileile unaponunua bunduki.

8. Sasa ninyi watatu wa Jumamosi. Najua bunduki hamtazirudisha, na si lazima. Nunueni mpira mnene wa kitakoni, halafu njooni Jumamosi hii saa mbili. Nina risasi butu sita, hazina baruti. Mimi nitapakia, wewe utapiga, hutajua ipi hai na ipi butu. Ikiwa butu, bunduki haitalia, na sote tutauona mtutu unavyoruka wenyewe. Tutarudia mpaka utulie. Mimi kwa mzee mmoja wa Ilala ilinichukua majuma manne.