Barua kwa mwanangu: Andy Kaufman hakuwa tapeli

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umekesha ukitazama video za Andy Kaufman, yule Mmarekani, na sasa unaniuliza: huyu alikuwa mchekeshaji au tapeli? Mimi nampenda mno, kwa hiyo siwezi kukujibu kwa neno moja.

Rudia ile ya tarehe 11 Oktoba 1975, siku ya kwanza kabisa ya Saturday Night Live, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani. Amesimama kando ya gramafoni, macho yamemtoka kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Anaweka sindano kwenye santuri, wimbo wa katuni ya Mighty Mouse unaanza, naye kimya. Anangoja. Mikono haijui pa kukaa. Ukifika ule mstari mmoja wa shujaa, ghafla mkono juu, kifua mbele, anaufuatisha kwa midomo. Kisha woga unamrudia, anangoja tena. Hajasema lolote, na watu hawana mbavu. Mtazame usoni anapongoja. Kichekesho chote kimo humo.

Tapeli huondoka na kitu chako. Kaufman aliondoka na nini? Mwaka 1979, pale Carnegie Hall, New York, alimketisha bibi yake jukwaani, eti alimwahidi kiti bora siku atakayofika ukumbi ule. Mwishoni bibi akavua sura: kumbe ni Robin Williams, mchekeshaji mwenzake! Halafu akawapakia watazamaji kwenye mabasi, akawapeleka kula biskuti na maziwa. Watu wazima, usiku ule, biskuti na maziwa! Hayo hufanywa na mtu anayewapenda wageni wake.

Najua kilichokukera ni mieleka. Hata mimi. Alijitangaza bingwa wa mieleka ya wanaume kwa wanawake, akawa anawatukana wanawake ili wapandwe na hasira wamfuate ulingoni. Waliomzomea walikuwa na haki. Tusi la kuigiza nalo linauma, na hapo simtetei. Ila tazama alivyokubali kulipia. Aprili 1982, mjini Memphis, Marekani, mwanamieleka Jerry Lawler alimpindua kichwa chini, akamshindilia ulingoni, na Kaufman akawa anatembea na kola shingoni. Julai akazabwa kofi na Lawler huyohuyo, kwenye kipindi cha televisheni cha mtangazaji David Letterman. Ilipita kama miaka kumi ndipo ikajulikana kwamba Kaufman na Lawler walikuwa wamepanga, tena ni marafiki. Kaufman mwenyewe hakutoboa siri, ingawa neno moja tu lingemrudishia mapenzi ya watu. Novemba mwaka huohuo watazamaji wa Saturday Night Live walipiga simu kuamua hatima yake: 195,544 walitaka aondoke, 169,186 abaki. Hakupanda tena jukwaa lile.

Alikufa kwa saratani ya mapafu tarehe 16 Mei 1984. Miaka 35 tu, mwanangu, umri wa mtu anayeanza kukomaa katika kazi yake. Na kwa kuwa hakuwahi kuwaambia watu wapi mchezo unaishia, wengi hawakusadiki. Walidhani ni kichekesho kingine, atatokea tu. Wapo wanaomngoja hadi leo. Nami nikiitazama ile ya gramafoni, pale anaposimama kimya kabla ya mstari wake, nawaelewa.

Mama yako