Uwazi na mtokezo wa wembe: mashine ipi kwa ndevu zinazoota vipele?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi seremala hapa Tabora, nina miaka 27. Ndevu zangu ni za kipilipili na ninanyoa mara moja kwa wiki. Nikitumia zile mashine za plastiki za kutupa, zenye nyembe tatu, shingo yote inajaa vipele. Nimeshauriwa nihamie kwenye mashine ya chuma inayowekwa wembe mmoja. Nimepata mbili, bei ni ileile. Karatasi ya mashine ya kwanza inasema uwazi wa wembe ni milimita 0.60 na mtokezo ni 0.12. Ya pili inasema uwazi ni 0.85 na mtokezo 0.03. Kwa kuwa ya kwanza ina uwazi mdogo, nadhani ndiyo ya upole. Niko sahihi? Na hizi namba zina maana gani hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua ya pili. Umechagua kwa kuangalia namba ya uwazi, na watu wengi hufanya hivyo kwa sababu ndiyo namba inayotangazwa zaidi. Lakini kinachogusa ngozi yako ni mtokezo.

Wewe ni seremala, kwa hiyo jibu unalo kwenye meza yako ya kazi. Igeuze randa uitazame kwa chini. Kuna mambo mawili pale: mdomo, yaani ule upenyo ambamo maranda hupandia, na kile kipande cha chuma kinachochungulia nje ya uso wa randa. Sasa niambie, randa ikichimba ubao wa mninga, unalaumu nini kwanza? Unakigonga chuma kirudi ndani kidogo. Mdomo una kazi yake, ila anayeuma ni chuma kilichotoka.

Mashine ya wembe ni hivyohivyo. Kuna kofia ya juu, kuna bamba la chini lenye ukingo, na wembe umebanwa katikati. Ukiiweka usoni, ngozi inaegemea kofia upande mmoja na ukingo upande wa pili. Chora mstari kichwani mwako kutoka kofia hadi ukingo. Makali yakivuka mstari huo kuelekea kwenye ngozi, huo ndio mtokezo. Yakiwa sawa na mstari, mtokezo ni sifuri. Yakiwa nyuma yake, utaona namba yenye alama ya kutoa, na mashine hiyo hugusa ngozi kwa woga sana. Uwazi ni kitu kingine: ni nafasi kati ya makali na ukingo, pale povu na ndevu zinapopita.

Usizione hizo namba kuwa ni ndogo. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa milimita 0.10 hivi. Mtokezo wa 0.12 maana yake makali yametoka nje kuliko hata unene wa wembe wenyewe. Kwa shingo yenye vipele, hiyo ni mashine kali, hata kama uwazi wake ni mdogo. Ile ya 0.03 makali yake yanachungulia tu.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Nilipoanza kutumia mashine hizi kwenye kibanda changu hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa nachagua kwa uwazi peke yake. Nikanunua moja yenye uwazi mdogo kabisa, nikasema hii ni ya wazee wenye ngozi laini. Mzee mmoja wa Ujiji akaondoka kwangu na matone ya damu chini ya taya, na mkono wangu sikuwa nimeukandamiza hata kidogo. Jioni nikafunga wembe mpya kwenye ile mashine, nikaishika chini ya taa, nikalaza rula ya chuma juu ya kofia na ukingo. Rula haikulala. Ilisimama juu ya makali ikawa inachezacheza, mara imegusa kofia, mara imegusa ukingo.

Nawe ufanye hivyo dukani kabla ya kulipa. Omba wembe, ufunge, kisha elekea kwenye mwanga wa mlango. Laza ukingo wa rula ulionyooka uguse kofia na ukingo wa mashine kwa pamoja, taratibu usikwaruze makali. Rula ikigusa vyote viwili huku makali yanaifikia kwa shida au hayaifikii, mtokezo ni mdogo. Ikiinuliwa na makali, mtokezo ni mkubwa. Kisha tazama upande wa pili wa wembe. Ukiona umetoka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, legeza mpini, usawazishe wembe, ukaze tena. Ukikataa kukaa sawa baada ya mara mbili tatu, irudishe hiyo mashine, kwa sababu utakuwa unanyoa kwa mashine mbili tofauti kila ukiigeuza mkononi.

Uwazi nao si wa kupuuza. Wewe unanyoa mara moja kwa wiki, ndevu zinakuwa zimeshakua. Kwenye uwazi mwembamba zitajazana pamoja na povu, utajikuta unasuuza kila baada ya mkwaruzo mmoja, na ukichoka utaanza kukandamiza. Uwazi wa 0.85 utazipitisha. Hatari yake iko kwenye kukandamiza hukohuko: ngozi ni laini, ukiisukuma inavimba na kuingia kwenye ile nafasi, na nafasi ikiwa kubwa inaingia nyingi zaidi. Hapo mashine ya upole inageuka kuwa kali. Mashine za plastiki zimekuzoesha kukandamiza. Hii ya chuma ina uzito wake, uache uzito huo ufanye kazi.

Jambo lingine kuhusu namba: watengenezaji hawana kipimo kimoja wanachokifuata wote. Mmoja anapima uwazi kwa mstari mnyoofu kutoka makali hadi ukingo, mwingine anapima kwa pembe nyingine. Kwa hiyo zilinganishe kwa uhakika pale tu mashine zinapotoka kwa mtengenezaji mmoja. Zikitoka kwa wawili, namba zikupe fununu, rula ndiyo ikupe hukumu. Umbo la wembe halikusumbui. King Camp Gillette alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mashine yake Marekani mwaka 1904, na nyembe za pande mbili za leo zinaingia karibu kwenye mashine zote za aina hiyo, hata hizi za bei nafuu za madukani kwetu.

Zipo pia mashine za kurekebisha, zenye pete ya namba shingoni. Ukiizungusha, uwazi unaongezeka na ukali nao unapanda. Ni nzuri, lakini kwa anayeanza zinamtia kishawishi cha kupandisha namba kabla mkono haujatulia. Anza na isiyobadilika.

Sasa kuhusu vipele vyenyewe. Nyembe tatu zikifuatana, wa kwanza huuvuta unywele na wa nyuma huukata chini ya ngozi. Unywele wa kipilipili ukiota tena unajikunja na kuchoma ngozi kutokea ndani, ndipo kipele kinapotokea. Wembe mmoja wenye mtokezo mdogo unaacha kisiki kidogo juu ya ngozi. Ukipapasa utasikia ukwaru, na huo ukwaru uuache. Wengi huharibu hapo, wanarudia kunyoa kwa kupandisha, yaani kinyume na ndevu zinakolalia, ili ngozi iteleze kama sahani.

Lowanisha ndevu kwa maji ya vuguvugu dakika mbili tatu, paka povu la kutosha, kisha nyoa kwa kufuata zinakolalia. Shingoni kwa wengi zinalala kando, hivyo zipapase kwanza ujue. Usiivute ngozi. Pitisha mara moja, ya pili ikibidi sana. Mimi hutupa wembe wa nyumbani baada ya kunyoa mara tatu, na wembe wa mteja haumgusi mteja mwingine hata mara moja. Wako usimwazime mtu, awe ndugu au rafiki, kwa ajili ya homa ya ini na Ukimwi.

Ukiwa bado na vipele vibichi leo, pumzisha shingo kwanza hadi vitulie, ndipo uanze na mashine mpya. Unywele uliojikunja ndani usiuchimbe kwa sindano. Na ukiona kovu linavimba na kuwa gumu, acha kunyoa kwa wembe uende hospitali wakakuangalie.