Mzee ameacha pombe lakini bado anayumba: huenda ni ubongo

Dada, umesema baba yako ameacha chang'aa wiki tatu sasa, lakini bado anayumba na kusimulia mambo ambayo hayakutokea, hadi nyumbani wanadai anakunywa kwa siri. Tafadhali mpeleke hospitali leo hii.

Baba yangu mdogo wa Vihiga alikuwa hivyo hivyo, baada ya kunywa tangu ujana. Nikimwuguza wodini Kisumu, nilimwuliza asubuhi moja amekula nini. Akajibu bila kusita kwamba ametoka soko la Luanda kuuza ndama, akala matumbo huko huko. Kikombe cha uji kilikuwa bado mkononi mwake! Yeye alimkumbuka kwa jina mwalimu wake wa darasa la tatu. Lakini daktari aliyeondoka kitandani pake muda huo huo, hakumkumbuka. Na hakuwa akidanganya. Ubongo ukishindwa kuhifadhi jambo jipya, hujaza pengo kwa lolote, na mwenyewe huliamini.

Ugonjwa huo ni Wernicke-Korsakoff, na chanzo chake ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji wa miaka mingi hali chakula vizuri, na hata akila, pombe huzuia utumbo kufyonza thiamini. Bila thiamini seli za ubongo hazipati nguvu kutoka kwenye sukari, zinakufa. Dalili za mwanzo ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kuona viwili viwili, na kutembea kwa kutanua miguu. Si lazima zije zote. Hapo sindano za thiamini husaidia sana. Mkichelewa, sehemu kubwa ya kumbukumbu hairudi. Waambie wahudumu mapema kwamba alikuwa mnywaji, maana dripu ya glukosi bila thiamini inaweza kumzidishia.

Na nyinyi wengine mnaosoma: mtu ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe kabla ya kutoa loki, yaani kunywa pombe ya kuondoa mning'inio, msimfungie chumbani aache ghafla. Ubongo wake umezoea kutulizwa na pombe, ikikatwa, huchachamaa. Hutetemeka saa za kwanza, anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili, kisha akaanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Wengine hufa. Hospitalini huachishwa kwa dawa.

Baba mdogo sasa anatembea bila fimbo, ila kumbukumbu imerudi kidogo tu. Hatubishani naye juu ya hadithi zake. Tunamwandikia siku na ratiba kwenye daftari, anakula maharagwe na njugu, na pombe haingii bomani.