Maswali ya Wasomaji: Kamera Isimame Wapi?

SWALI: Bwana Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Tumetengeneza filamu fupi kwa simu. Mama anapika bukari huku akimngoja mwanawe aliyekwenda kuchimba shaba. Kisha rafiki wa kijana huyo anafika akiwa ameshika taa ya kichwani ya marehemu, na mama anaelewa kabla hajaambiwa neno. Tuliiweka simu juu ya kiti ili isitikisike, tukaacha tukio zima lipite mbele yake. Tulipoionyesha uani, watu walianza kuzungumza wao kwa wao, na mzee mmoja akasema kwamba inafanana na mchezo wa jukwaani uliorekodiwa. Je, tatizo ni kwamba hatuna kamera ya maana?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Ndugu zetu, simu haina hatia, na mzee huyo aliona vizuri. Mtu aliyeketi mbele ya jukwaa hujichagulia mwenyewe pa kutazama, lakini mtazamaji wa filamu huchaguliwa pa kutazama. Kwa sababu hiyo, kabla mwongozaji hajafikiria uzuri wa picha, anapaswa kuamua mtazamaji ajue nini, akijue lini, na akijue pamoja na nani. Ninyi mliiachia simu maamuzi hayo matatu, nayo ilifanya kile ambacho simu iliyowekwa kitini inaweza kufanya: ilitazama tu.

Tuichukue hiyo taa ya kichwani. Mngeweza kuanzia nje, katika vumbi jekundu la barabara, kamera ikimfuata rafiki kwa nyuma huku taa ikining'inia mkononi mwake, kisha mkakata picha hiyo na kuhamia jikoni, ambako mama anasonga bukari akiimba kwa sauti ya chini. Hapo mtazamaji anajua jambo ambalo mama halijui, na kila anapougeuza mwiko tunataka wimbo ule uendelee na pia tunataka ukome. Hali hiyo mnaweza kuivuta hata dakika nzima bila mtu kusema chochote, na hakuna atakayezungumza uani.

Njia nyingine ni kutotoka jikoni kabisa. Wekeni kamera kwenye usawa wa macho ya mama aliyeketi kwenye kibao chake, karibu na mikono yake, ili atakayeingia akiwa amesimama akatwe na ukingo wa juu wa picha. Lango la bati linalia. Mwiko unasimama. Tunaona miguu yenye vumbi, na mkono, na taa. Uso wa mgeni hatuuoni, kwa kuwa mama mwenyewe hajainua macho. Sasa tunajua pamoja naye, katika sekunde ile ile.

Hadithi haijabadilika, wala wachezaji, wala simu, lakini filamu ya kwanza inahusu hofu na ya pili inahusu pigo. Kwa maoni yangu, ya pili ndiyo yenu, kwa sababu mmeandika kwamba mama anaelewa kabla hajaambiwa. Njia ya kwanza ingempokonya heshima hiyo, kwa kuwa tungekuwa tumeelewa kabla yake.

Msimwombe mchezaji wenu apige mayowe. Inasimuliwa kwamba Lev Kuleshov, mwongozaji aliyefanya majaribio yake Urusi katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917, alichukua picha moja ya uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, akaiunganisha mara na sahani ya supu, mara na maiti ndani ya jeneza. Watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa na jinsi alivyoonyesha huzuni, ilhali uso ulikuwa ule ule. Huzuni ilitokana na uhariri, yaani ile kazi ambayo vijana wetu huiita montaji. Kwa hiyo, baada ya taa, uso wa mama ukitulia tu kwa sekunde nne au tano utatosha, na machozi mengi huenda yakaharibu.

Jambo moja la kiufundi: lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana, na ukiisogeza karibu sana na uso, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, hata mama mwenye majonzi akaonekana kichekesho. Rudini nyuma hatua mbili na mtumie lenzi ya pili ya kuvuta, ikiwa simu yenu inayo. Kama haina, msivute kwa vidole, kwa maana simu hukata tu kipande cha picha na kukikuza pamoja na kasoro zake. Afadhali picha iwe ya mbali kidogo.

SWALI: Kila ninapomrekodi mtu akiwa mbele ya dirisha au penye jua kali, anga hupendeza lakini uso huwa mweusi tititi. Je, ni kweli kwamba kamera zilitengenezwa kwa ajili ya watu weupe?
Msomaji wa Kamalondo

JIBU: Kwa upande wa mikanda ya zamani ya kupigia picha za rangi, malalamiko hayo yana msingi. Kwa miongo mingi, maabara za Kodak, kampuni iliyotengeneza mikanda hiyo, zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi zilipoteza maumbo yake katika picha. Watafiti wameandika kwamba watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi bidhaa zao zilivyoonekana, walichangia kuifanya kampuni iboreshe namna mikanda yake ilivyopokea rangi za kahawia. Msomaji ajipimie mwenyewe uzito wa habari hiyo.

Tatizo lako la dirisha, hata hivyo, ni la hesabu. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Anga ikijaza nusu ya picha, kamera hupunguza mwanga, na uso ndio unaolipa. Gusa uso kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka kipimo kifungwe, au mgeuze mtu dirisha liwe ubavuni mwake, kisha usimamishe shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga. Usiku, ikiwa taa za umeme zinacheza ndani ya picha, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hupiga mara 50 kwa sekunde.

Ila usidhani kwamba kila giza ni kosa. Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, katika filamu yake La Noire de... ya mwaka 1966, alimweka kijakazi wa Kisenegali ndani ya nyumba ya Ufaransa yenye kuta nyeupe, kwa picha zisizo na rangi. Weupe ule humzingira mpaka tunahisi kifungo chake bila kukiona kikitajwa. Mtu akisimama mlangoni jua likiwa nyuma yake nasi tusiuone uso wake, huenda hilo ndilo tukio lenyewe linalotaka. Amua kabla ya kurekodi, kwa maana giza ambalo hukulichagua litasema jambo ambalo hukukusudia.

SWALI: Muziki uanze wapi na uishie wapi? Mimi huuweka mwanzo hadi mwisho ili kuficha kelele za jenereta ya jirani.
Msomaji wa Ruashi

JIBU: Mwombe jirani aizime kwa nusu saa, au urekodi alfajiri. Muziki usiokoma humwambia mtazamaji kwamba kila kitu kina uzito sawa, na baada ya dakika chache hausikiki tena. Rekodi peke yake sauti ya chumba kitupu kwa dakika moja, uitandaze chini ya mazungumzo ili vipande vyako visirukeruke masikioni, na muziki uutunze kwa sehemu moja au mbili. Unaweza pia kuanza kusikilizisha sauti ya tukio linalofuata wakati picha ya sasa bado ipo: tunamwona mtoto amelala, tunasikia tayari zogo la soko, kisha soko lenyewe linaonekana. Hata jenereta ya jirani, ikizimika ghafla katikati ya mazungumzo, ina kazi ya kufanya katika filamu, mradi wewe ndiye uliyechagua izimike lini.